Barua ya wazi kwa viongozi wa elimu Zanzibar: muwape wanafunzi nafasi ya kukumbuka

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali, Zanzibar.
Nakala: Taasisi ya Elimu Zanzibar, Baraza la Mitihani la Zanzibar, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar.

YAH: NAFASI YA KUKUMBUKA KATIKA MAAZIMIO YA KAZI, VITABU NA MITIHANI

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum.

Mwaka 2008 jarida la Science la Marekani lilichapisha utafiti wa Jeffrey Karpicke na Henry Roediger ambao tangu hapo umekuwa ukitajwa sana na watu wanaochunguza namna binadamu anavyojifunza, lakini ambao sijapata kuusikia ukijadiliwa katika semina zetu za walimu hapa Visiwani. Wanafunzi wa chuo kikuu katika mji wa St. Louis walipewa maneno 40 ya lugha ya kigeni wayajifunze pamoja na tafsiri zake, na lugha yenyewe ilikuwa Kiswahili. Walisoma orodha, wakaulizwa, wakasoma tena, wakaulizwa tena. Tofauti iliingizwa pale neno lilipokwisha kukumbukwa mara moja: kundi la kwanza liliendelea kulisoma na kuulizwa, la pili liliachishwa kulisoma lakini likaendelea kuulizwa, la tatu likaendelea kulisoma bila ya kuulizwa tena, na la nne likaachishwa yote mawili. Makundi yote manne yaliishika orodha kwa kasi moja, na yote, yalipotakiwa kukisia, yalisema kuwa baada ya wiki yatakumbuka kiasi cha nusu. Wiki ilipopita, makundi mawili yaliyoendelea kuulizwa yalikumbuka takriban asilimia 80 ya maneno, na yale mawili yaliyoacha kuulizwa yalikumbuka asilimia 36 na 33. Neno likishakumbukwa mara ya kwanza, kulisoma tena na tena hakukuongeza kitu cha maana. Kuulizwa ndiko kulikofanya kazi.

Maneno ya Kiswahili, basi, yamewasaidia watafiti wa Marekani kuthibitisha jambo ambalo watoto wanaozaliwa ndani ya Kiswahili bado hawajafaidika nalo. Nakiri kuwa hilo linanikera kidogo, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Nakuandikieni nikiwa mwalimu mstaafu wa Pemba, niliyefundisha sekondari na baadaye nikafanya kazi na walimu wachanga katika wilaya zetu. Hoja yangu ni moja. Wanafunzi wetu wanafundishwa mengi lakini ni mara chache wanatakiwa kuyakumbuka waliyofundishwa, na mara hizo chache huwa ni siku za mtihani, siku ambazo jibu linaamua mwanafunzi aende wapi na halimsaidii tena kujifunza. Ninaloomba ni kwamba kazi ya kukumbuka iingizwe rasmi katika maazimio ya kazi (mipango ya mwalimu ya kufundisha mada za mwaka), katika vitabu vya kiada na katika mafunzo ya walimu, na kwamba kabla ya kuenezwa kote ifanyiwe majaribio katika skuli zetu wenyewe, kwa lugha yetu.

Nianze na usahaulifu wenyewe, kwa sababu aghalabu tunauzungumza kama kwamba ni uvivu. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alichapisha mwaka 1885 matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe: alihifadhi silabi zisizo na maana, akaziacha, kisha akapima ni juhudi kiasi gani imeokoka pale alipozihifadhi upya. Baada ya saa moja kilichookoka kilikuwa asilimia 44, baada ya siku moja asilimia 34, na baada ya siku 31 asilimia 21. Watafiti wawili wa Uholanzi, Jaap Murre na Joeri Dros, walilirudia jaribio hilo na kulichapisha mwaka 2015, wakapata mteremko unaofanana sana na ule wa awali. Somo lenye maana haliporomoki kwa kasi hiyo, lakini sura ya mteremko ni ileile: hasara kubwa hutokea mwanzoni, kisha kinachobaki hupungua polepole. Mtoto aliyefundishwa sehemu na desimali mwezi wa pili, asiulizwe tena mpaka mwezi wa kumi, hajafanya kosa lolote kwa kusahau. Amefanya kile ambacho akili ya kila binadamu hufanya.

Kinachouzuia mteremko huo ni kulitafuta jibu kichwani, bila ya kutazama daftari, wakati limeshaanza kufifia. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke walichapisha jaribio jengine, safari hii kwa vifungu vya habari. Baadhi ya wanafunzi walikisoma kifungu mara mbili. Wengine walikisoma mara moja, kisha wakaandika kwenye karatasi tupu kila walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili waliongoza, kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma mara mbili walibakiwa na asilimia 42, na walioandika walichokumbuka walikuwa na asilimia 56. Naomba takwimu hizi zitazamwe kwa makini na kila anayepanga ratiba ya skuli, kwa sababu zinaeleza kwa nini tunadanganyika. Kusoma tena kunatoa natija nzuri ya leo jioni. Mwalimu anauliza "Mmefahamu?", darasa zima linajibu "Ndiyo!", na kweli kwa wakati ule wamefahamu. Robert Bjork wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, amekuwa akieleza tangu miaka ya 1990 kwamba wepesi tunaouhisi tunapojifunza ni shahidi asiyeaminika, na kwamba ugumu wa kiasi, ule wa kulitafuta jambo mpaka lipatikane, ndio unaolijenga.

Jambo la pili linalokwenda sambamba na hilo ni nafasi baina ya marudio. Nicholas Cepeda na wenzake walichapisha mwaka 2008 utafiti wa watu zaidi ya 1,350 waliojifunza mambo, wakayarudia baada ya mapengo ya urefu tofauti, kisha wakapimwa baada ya muda uliofikia takriban mwaka mzima. Kwa mtihani wa wiki moja mbele, pengo la siku moja lilitosha. Kwa mtihani wa karibu mwaka mmoja mbele, pengo lililofaa zaidi miongoni mwa yale yaliyojaribiwa lilikuwa la wiki tatu. Hapana fomula moja ya kila somo, lakini kwa mtu anayeandika azimio la kazi la mwaka mzima hiyo ni habari ya kutumika moja kwa moja.

Sasa tuyatazame maazimio yetu. Mada hupangwa kwa mstari ulionyooka: hii mwezi huu, ile mwezi ujao, na mada ikishapita haionekani tena mpaka pale palipoandikwa "marudio", karibu na mtihani. Mkaguzi akifika skuli huuliza mwalimu amefikia mada ipi. Ni nadra sana kuuliza wanafunzi wanakumbuka nini katika mada ya miezi mitatu nyuma. Kwa hivyo mwalimu mwenye busara, anayetaka kuandikiwa ripoti nzuri, hukimbia. Humaliza muhtasari mapema, hupongezwa, na mwakani mwalimu wa darasa la juu hulalamika kuwa wanafunzi "hawana msingi". Msingi ulijengwa. Haukuwahi kukanyagwa tena ukashikana. Huku Pemba liko na jengine: msimu wa karafuu ukiiva vizuri, mahudhurio hupungua katika skuli nyingi za shamba, na mtoto aliyekuwa mkarafuuni wiki ambayo mada ilifundishwa hana siku nyengine ya kukutana nayo. Azimio linalorudia mada kwa mapengo lingempa mtoto huyo mlango wa pili wa kuingilia.

Ningependa mtaala wetu ujifunze katika hili kutoka vyuoni, namaanisha vyuo vya Kurani, ambavyo karibu kila mtoto wa Visiwani hupitia kabla ya skuli au wakati mmoja nayo. Mtoto anayehifadhi hapewi msahafu akautazama mara ishirini kisha akaambiwa amehitimu. Anasoma, anafunika, anatoa mbele ya mwalimu, anakosolewa papo hapo neno kwa neno, anaondoka. Kesho hatoi aya mpya tu, bali huanzia nyuma, na kila anapoongeza sura hurudishwa kwenye juzuu alizozipita, kwa sababu kila mwalimu wa chuo anajua kuwa hifdhi isiyopitiwa hukimbia. Mna humo kukumbuka bila ya kutazama, mna masahihisho ya haraka, mna marudio yenye mapengo, na mna kujenga jipya juu ya la zamani. Watafiti wa maabara walifika kwenye kanuni hizo kwa njia yao. Masheikh wetu walikuwa wakizitumia kabla ya kuwapo hizo maabara. Mtoto huyohuyo akivuka barabara kuingia skuli hunakili ubao mzima kwenye daftari, hufunga daftari, na hakuna anayemuuliza kitu.

Sisemi kuwa skuli igeuzwe chuo, na wala sisemi kuwa kuhifadhi kunanoa kumbukumbu ya kila jambo. Sylvia Scribner na Michael Cole walifanya utafiti miongoni mwa Wavai wa Liberia katika miaka ya 1970, wakachapisha matokeo yao mwaka 1981. Waligundua kwamba waliosoma Kurani waliwashinda wengine katika jaribio la kukumbuka orodha iliyokuwa ikiongezwa neno moja moja kwa mpangilio, yaani jaribio linalofanana na namna walivyohifadhi, lakini ubora huo haukuonekana katika majaribio ya kumbukumbu ya aina nyengine. Kumbukumbu hukua pale inapotumika. Mtoto akitakiwa kukumbuka maneno, atakumbuka maneno. Akitakiwa kueleza, bila ya kutazama, kwa nini maji ya bahari hupanda na kushuka, atakumbuka maelezo hayo. Kwa hivyo namna ya swali ina uzito mkubwa, na swali zuri la kukumbuka si lazima liwe la "taja" na "orodhesha".

Hapa nalazimika kugusa hofu ambayo naijua, kwa sababu naisikia kila mtaala wa umahiri, ule unaotazama mwanafunzi anaweza kufanya nini, unapozungumzwa: kwamba tunataka watoto wanaofikiri, si wanaokariri. Nakubaliana na sehemu ya kwanza ya kauli hiyo. Lakini utafiti hauzitenganishi fikra na kumbukumbu kwa wepesi huo. William Chase na Herbert Simon mwaka 1973 waliwaonyesha wachezaji wa sataranji, kwa sekunde tano tu, ubao wenye kete zilizopangwa kama katika mchezo wa kweli. Bingwa aliweza kuzirudisha kete nyingi mahali pake kuliko mchezaji mchanga. Kete zilipotawanywa ovyo, ubingwa wake haukumsaidia tena kitu kikubwa. Hakuwa na kichwa kikubwa kuliko wenzake. Alikuwa na maelfu ya mipangilio aliyokwisha kuijua, na hiyo ndiyo aliyoitumia kufikiria. Wazee wanaocheza bao barazani hawatahitaji kuelezwa mara mbili. Mwanafunzi asiyekumbuka kwamba robo ni nusu ya nusu hatapata nafasi ya kufikiri juu ya swali la riba. Fikra zake zote zitamalizikia kwenye robo.

Sababu ya hilo inajulikana vizuri. Sehemu ya akili inayoshika mambo tunayoyafanyia kazi kwa wakati mmoja, ambayo Alan Baddeley na Graham Hitch waliifafanua mwaka 1974, ni ndogo mno. George Miller mwaka 1956 aliitaja namba saba. Nelson Cowan, baada ya kupitia ushahidi zaidi, alisema mwaka 2001 kuwa ni kiasi cha vitu vinne. Kile ambacho tayari kimekaa katika kumbukumbu ya muda mrefu hakichukui nafasi hiyo finyu, ila kile ambacho bado ni kigeni huijaza yote. John Sweller tangu mwaka 1988 amejenga juu ya jambo hili nadharia nzima ya mzigo wa akili katika ufundishaji.

Kutoka hapo hatuwezi kukwepa suala la lugha, nami sitaki kulikwepa. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 ilielekeza kuwa Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia Darasa la Tano. Najua hoja zilizotolewa wakati ule, na najua kuwa wazazi wengi hadi leo wanaunga mkono Kiingereza kwa nia njema kabisa. Lakini mtoto wa miaka kumi na moja wa Micheweni au Makunduchi anayesomewa somo la usanisinuru, yaani namna mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga, kwa lugha ambayo bado anaitafuta, anatumia vile vitu vyake vinne kuishika sentensi. Likifika jani na mwanga wa jua, nafasi imekwisha. Anachobakiwa nacho ni kunakili, na kitu kilichonakiliwa bila ya kueleweka hakina pa kushikia pale mwalimu atakapomtaka akikumbuke. Kwa sababu hiyo mbinu ninazoziombea hapa zitafanya kazi nusu tu mahali ambapo mtoto haielewi lugha ya swali. Angalau wakati wa kukumbuka, aruhusiwe kueleza kwa Kiswahili alichokielewa, kisha afundishwe kukisema kwa Kiingereza kama mtihani unadai hivyo.

Kuhusu vitabu vya kiada nina ombi mahususi kwa Taasisi ya Elimu. Mazoezi ya Hisabati katika vitabu vingi hufuata mada: ukurasa wa eneo la mstatili una maswali kumi ya eneo la mstatili, na mwanafunzi hata hahitaji kulisoma swali ili ajue afanye nini. Doug Rohrer na Kelli Taylor walilipima hili katika utafiti waliouchapisha mwaka 2007, kwa maswali ya ujazo wa maumbo manne. Waliofanya mazoezi ya aina moja moja kwa mfululizo walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, na waliochanganyiwa aina zote walipata asilimia 60. Wiki moja baadaye, katika mtihani, wa kwanza walipata asilimia 20 na wa pili asilimia 63. Waliochanganyiwa walikuwa wamejifunza kitu ambacho wenzao hawakupata nafasi ya kukifanya hata mara moja, nacho ni kuamua kanuni ipi inatakiwa. Kurekebisha kitabu kwa namna hii hakuhitaji mada mpya wala picha mpya. Maswali yaleyale yanapangwa upya, ili kila zoezi liwe na machache ya leo na mengi ya wiki na miezi iliyopita.

Ndani ya darasa lenyewe, ninachokiomba ni dakika tano hadi nane za mwanzo wa kila kipindi. Mwalimu anaandika ubaoni maswali matatu au manne: moja la somo lililopita, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Madaftari yamefungwa. Kila mtoto anaandika jibu, hata kama darasa lina watoto themanini, kwa sababu mwalimu akimnyooshea kidole mmoja, sabini na tisa wanapumzika. Kisha majibu sahihi yanatolewa pale pale, kila mtoto anajisahihisha, na hapana alama inayoandikwa popote. Katika skuli ya Columbia, jimbo la Illinois, Roediger na wenzake walifanya karibu hivyo kwa wanafunzi wa darasa la sita katika somo la maarifa ya jamii, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa mambo yaliyoulizwa darasani yalikumbukwa vizuri zaidi kuliko yale yaliyofundishwa bila ya kuulizwa, hata ilipopita miezi.

Masharti mawili hayana mjadala. Masahihisho lazima yafuate, kwa sababu mtoto aliyekosa akaachwa na kosa lake anaweza kulihifadhi lile kosa. Na bakora isikaribie. Siku maswali hayo yatakapokuwa kisingizio cha kumchapa aliyeshindwa, yatakuwa yameshakufa: mtoto mwenye hofu huijaza ile nafasi yake finyu kwa kuiwazia fimbo, na atajifunza kumwibia jirani jibu. Naandika hivi kwa sababu nimewahi kuona maswali ya asubuhi yakigeuzwa foleni ya kunyoosha mikono, na sitaki pendekezo hili lipitie njia hiyo.

Neno fupi juu ya kambi za mitihani. Nazifahamu nia zake, nafahamu pia jitihada za wazazi wanaochangia mchele na za walimu wanaolala na wanafunzi dakhalia. Kambi huinua matokeo ya siku chache, na si ajabu, maana kusoma kwa kukurupuka hufaa kwa kesho. Lakini kukesha kunapingana na ushahidi wa tangu mwaka 1924, pale John Jenkins na Karl Dallenbach walipoonyesha kuwa waliojifunza kisha wakalala walikumbuka zaidi kuliko waliojifunza kisha wakabaki macho kwa muda uleule. Saa zinazotumika kambini zikigawanywa katika mwaka mzima, zingeleta faida kubwa zaidi kwa gharama ileile, na wasichana ambao wazazi wao hawataki walale nje ya nyumbani wasingekosa kitu.

Kwa Baraza la Mitihani, ombi langu ni kuwa matokeo ya mitihani ya taifa ya msingi na ya Kidato cha Pili yarudi skuli yakiwa na habari ya swali kwa swali: ni swali lipi wanafunzi wa skuli fulani walilikosa kwa wingi, na kosa lilikuwa la namna gani. Orodha ya waliofaulu na nafasi ya skuli kiwilaya haimwambii mwalimu wa Sayansi afanye nini mwezi wa kwanza.

Nimetaja tafiti za Marekani na Ulaya kwa sababu ndizo zilizochapishwa kwa wingi, na nyingi kati yake zilifanywa kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, wenye vitabu vyao na madarasa yasiyosongamana. Mtu akiniuliza kama zitatoa natija ileile Kojani au Nungwi, jibu la uaminifu ni kuwa tupime. Chuo Kikuu cha Taifa kinasomesha walimu, kina wahadhiri wanaoweza kuusimamia utafiti wa namna hii, na vituo vya walimu vipo Unguja na Pemba. Zichukuliwe skuli kadhaa, za mjini na za shamba. Ipigwe kura ya bahati nasibu, nusu zianze mwaka huu na nusu zisubiri mwakani. Walimu wa zile zinazoanza wapewe mafunzo mafupi na kitini cha maswali yaliyokwisha kupangwa, kwa sababu haifai kumuongezea kazi ya kuyatunga mwalimu mwenye vipindi thelathini. Wanafunzi wa pande zote mbili wapimwe baada ya likizo ndefu, si kabla yake. Kipimo cha kabla ya likizo kitatuonyesha nani amesoma jana, na tumeshaona kuwa hicho ndicho kipimo kinachotudanganya. Ripoti iandikwe kwa Kiswahili, itangazwe hata kama matokeo yatakuwa kinyume na haya niliyoyaeleza, na isomwe vituoni na walimu wenyewe waliofanya kazi.

Wakati ni muafaka. Serikali imejenga skuli nyingi za ghorofa katika miaka ya karibuni, na baadhi ya skuli zilizokuwa na mikondo miwili sasa zinaingia asubuhi tu. Saa zilizopatikana kwa fedha nyingi namna hiyo zikijazwa mada mpya tu, au masomo ya ziada ya kunakili ubao, tutakuwa tumejenga nafasi na kuipoteza. Vishikwambi na vyumba vya kompyuta vina faida zake, lakini hapana hata kimoja kati ya nilivyoviomba kinachohitaji umeme.

Ombi la mwanzo ni dogo, na linaweza kutekelezwa kabla ya maazimio ya kazi ya mwaka ujao kupelekwa skuli. Taasisi ya Elimu ichague mada nne za Hisabati na nne za Sayansi za Darasa la Tano, izipangie marudio ya wiki moja, ya wiki tatu na ya miezi mitatu baada ya kufundishwa, iandike maswali ya kila marudio, na iyapeleke katika skuli za wilaya mbili, moja ya Unguja na moja ya Pemba. Wako walimu wastaafu, nami nikiwa mmoja wao, walio tayari kukaa na watunga mitaala kuyaandika maswali hayo bila ya kudai posho. Tunasubiri kuitwa.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba.